Jogoo Aliyenyunyiziwa Maji

Gogo lenyewe lilikuwa la mninga, limelazwa mbele ya duka la Jivanji pale Kibiti, barabarani. Ukikaa hapo unaona kila anayekuja na kila anayekimbia, na mwezi ule wa vita vya maji wanaokimbia walikuwa wengi. Akida wa Mdachi alikuwa ameondoka na punda wake bila kuaga. Ng'ambo ya mto, upande wa Umatumbi, watu walikuwa wameng'oa pamba ya Mdachi na moshi ulionekana kila siku, na ilisemekana askari wanashuka kutoka Dar es Salaam. Mtu mwenye akili angekaa kwake akafunga mlango. Wateja wangu walikuja kama kawaida, wakaagiza kahawa kikombe kimoja kimoja na maneno ya kutosha dele zima. Mimi ni Huseni, muuza kahawa, na ninasema bila kuficha kwamba watu wale walikuwa wakinichosha.

Walikuwa watatu. Sadala tulimwita Nusu Juzuu, kwa kuwa alipelekwa Kilwa kusoma chuoni akarudi kabla hajamaliza juzuu ya kwanza, na tangu hapo akawa na fatwa ya kila jambo. Abbasi tulimwita Gobori. Alikuwa mwinda ndovu mpaka Mdachi alipokataza, na bunduki yake ilikuwa imelala ndani ya makuti ya paa lake. Wa tatu Bwanaheri Boriti, mkata mikoko wa kule mto unapoingia baharini, ambaye kila akija Kibiti kwa siku mbili hukaa wiki mbili. Wote hao walikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Mwaka mmoja walimfukua kambare mamba, samaki yule anayejizika matopeni mto ukikauka, wakamtia ndani ya pipa la maji la Jivanji wapate kuona kama amekufa au amelala. Alikuwa amelala. Jivanji ndiye ambaye hakulala usiku ule, alipokwenda kuchota maji akashikwa kidole.

Siku ninayoisema, baada ya sala ya adhuhuri, Jivanji alitoka dukani hata miwani hajaivua.

— Wamemnyonga, — alisema.

— Nani? — Sadala akauliza.

— Mganga wenu. Yule wa Ngarambe mwenye maji. Wapagazi waliopita asubuhi wamesema Wadachi wamemnyonga huko Mohoro.

Nilisikia makaa yangu yakilia chini ya dele.

— Wamemnyonga kwa nini? — Bwanaheri akauliza.

— Kwa kugawa dawa, bwana. Kwa nini tena?

— Siulizi kosa. Nauliza wametumia nini.

— Kamba. Watu hunyongwa kwa nini, kwa uji?

— Ahaa! — Bwanaheri akapiga goti. — Kamba! Sasa maji yale ni ya kitu gani? Ya risasi. Aliyesema ya kamba nani? Mganga wa watu hakuagiza dawa ya kamba.

— Na Mdachi kajua, — Abbasi akadakia. — Jiulizeni. Mtu ana risasi maghala mazima, anahangaika kutafuta kamba ya nini? Kaogopa. Kajua akipiga risasi ataaibika mbele ya askari wake.

— Subhanallah, — akasema Sadala. — Kweli bwana.

Jivanji alivua miwani akaifuta kwa shati. Alikuwa Kibiti miaka mingi, mkewe Jayaben alijifungulia humo ndani ya duka, na Kiswahili alikisema kama sisi. Lakini mwezi ule alianza kutuita “nyinyi”.

— Nyinyi mnacheza, — alisema. — Maji yakiwa kweli, watakaoshinda watakuja kuchoma maduka, kama walivyochoma pwani huko. Maji yakiwa uongo, askari watakuja kuchoma Kibiti nzima na duka langu limo. Kuungua nimeshaungua. Ninachotaka kujua ni nani atashika kijinga cha moto, nijue nikimbilie wapi.

— Keti, Bwana Jivanji, — Abbasi akamwambia. — Jambo hili lina akili yake. Unajua risasi inatengenezwaje?

— Unanunua.

— Unayeyusha! Mimi nimeyeyusha risasi miaka yote ya ndovu. Unatia kipande kile cheusi chunguni, moto ukikolea kinakuwa nini? Maji. Kinacheza kama maziwa. Halafu unamimina kwenye kalibu, kinaganda. Sasa mwenzangu, kitu kilichokuwa maji jana, leo kukirudisha kuwa maji kuna ugumu gani? Ni kukikumbusha tu.

Sadala hakupenda kupitwa.

— Hayo ya chungu achana nayo. Nabii Ibrahimu alitupwa kwenye moto, moto ukawa baridi. Moto ule ulikuwa mkali kuliko bunduki mia. Sasa moto kuwa baridi, na risasi kuwa maji, kipi kigeni? Na wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake risasi ikishakuwa maji, Mdachi hawezi kuizoa airudishe kwenye bunduki.

— Wahenga hawakusema hivyo, — nikamwambia.

— Huseni, wewe mimina.

Nikamimina. Bwanaheri alikuwa anangoja zamu yake kwa hamu, anatikisa mguu.

— Nyie wa bara hamjui maji, — alisema. — Njooni kwetu muone. Mto unashuka na maji yake matamu, bahari inapanda na maji yake ya chumvi, yanakutana kwenye mikoko. Pale maji yana mioyo miwili. Yanakwenda, yanarudi, hayajui yaende wapi. Ukitupa jiti linazunguka mahali pamoja mpaka jua linachwa. Mganga alichota hapo! Risasi ikigusa maji yale inapotewa. Inatoka kwa Mdachi imenyooka, ikikufikia haijui ilitumwa kwa nani.

— Sasa kama haijui ilitumwa kwa nani, si inaweza kumpata aliyesimama nyuma? — Jivanji akauliza.

— Usisimame nyuma.

Wakati mwingine ningecheka. Siku ile moyo wangu ulikuwa mzito, kwa kuwa nilimwona Mshamu akija.

Mshamu alikuwa kijana wa mtaa wa nyuma ya duka, ana mke, ana shamba lake la mpunga bondeni ambalo mwaka ule hakulilima, kwa kuwa siku zake zote alizimaliza kwenye pamba ya jumbe, na kiboko mgongoni juu yake. Alikuwa amevuka mto akanywa maji, akarudi kuaga. Shingoni alining'iniza kijimwanzi kilichofungwa kwa nta, ndani yake maji ya Ngarambe. Kichwani alijifunga kitambaa chenye punje za mtama. Yeye na wenzake walikuwa waondoke jioni ileile, baada ya alasiri, wakavuke. Alitusalimia kwa heshima, akakaa pembeni mwa gogo, mbali kidogo na kila mtu.

— Miiko unaishika, mwanangu? — Sadala akamwuliza.

— Naishika.

— Mali ya mtu?

— Sijachukua hata dafu.

— Mke?

Mshamu akatazama chini. — Tangu nimekunywa sijamgusa. Hata chakula ananiwekea chini, anaondoka, ndipo nachukua.

— Hata mkono?

— Hata mkono, mjomba.

— Vyema. Maana hapo ndipo penye shina. Risasi haigeuki kwa mtu aliyegusa mwanamke.

Nilimpa Mshamu kikombe, akakishika bila kunywa. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeuliza njia:

— Wazee wangu, nyie ndio mnaojua mambo. Kambare mlimjua. Saa ya akida mlijua inavyotembea. Mimi nakwenda leo. Niambieni basi. Ni kweli au si kweli?

Kelele zote zile, na sasa mtu anayekwenda kusimama mbele ya bunduki ameuliza, hakuna mwenye neno. Sadala alikohoa. Abbasi alikuna ndevu.

— Kuuliza si ujinga, — Sadala akasema hatimaye.

— Najua si ujinga, mjomba. Ndiyo maana nimeuliza.

Bwanaheri akainuka. Nilimwona anavyoangalia upande wa kapu lake, mlimokuwa na jogoo aliyemnunua apeleke kwao, mwekundu, mguu umefungwa kamba ya ukindu.

— Tujaribu, — alisema.

— Tujaribu nini?

— Abbasi ana gobori. Mimi nina jogoo. Mshamu ana maji. Sisi tunakaa hapa tunabishana kama hatuna macho? Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe.

— Huyo jogoo hajalilia wembe, — nikasema.

— Mkipiga bunduki hapa, — Jivanji alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda, — nani atakuja kwanza? Watu wa maji, waseme askari wamefika? Au askari, waseme watu wa maji wameanza? Nyie wazima kweli? Jayaben yumo ndani!

Alikuwa amesema haki, na wote walijua. Abbasi alimtazama Mshamu.

— Wewe unasemaje? Dawa ni yako.

Mshamu alikishika kijimwanzi akakizungusha vidoleni. Nadhani alikuwa hajawahi kufikiri kwamba jambo lile linaweza kujaribiwa, na sasa alipofikiri, hakuweza tena kuacha kufikiri.

— Pigeni, — alisema. — Na mimi nataka kujua.

Abbasi alikwenda kwake akarudi na kitu kirefu kimeviringishwa ndani ya mkeka. Tulikwenda nyuma ya duka, kwenye shamba la pamba lililoachwa, miguu inakwaruzwa na vijiti. Hata Jivanji alikuja. Alisema anakuja kutuzuia, lakini alisimama mahali pazuri pa kuonea. Bwanaheri akamfunga jogoo kwenye kisiki. Mshamu akabandua nta, akadondosha matone kichwani na mgongoni mwa jogoo. Jogoo akajikung'uta, akatutazama kwa jicho moja.

Abbasi akashindilia baruti, akatia risasi, akaweka fataki ya kuiwasha. Alikuwa na fataki mbili tu. Alipiga goti, akalenga kwa muda mrefu. Mimi niliziba masikio.

Ikalia tik. Baruti ikafoka kidogo, moshi ukatoka kama wa kiko, basi. Jogoo akawika.

— Mmeona! — Bwanaheri akarukaruka kwenye pamba. — Mmeona! Haikufika hata kutoka!

— Allahu akbar, — akasema Sadala, na macho yake yalikuwa na machozi. Simcheki. Kilikuwa ni kitu kikubwa kukiona, kama kweli ulikuwa umekiona.

Mshamu alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu masika.

— Baruti ile imekaa makutini tangu lini? — Jivanji akauliza.

— Baruti yangu haina tatizo, — Abbasi akajibu kwa ukali.

— Imekaa makutini, mvua za masika zote zimepita juu yake. Mimi nauza baruti, Abbasi, nilikuwa nauza kabla hawajakataza. Baruti iliyonyeshewa inalia hivyohivyo, jogoo awe na maji au awe na samli.

— Unaitukana bunduki yangu?

— Naitukana baruti. Piga nyingine, kavu.

Hapo mtu mzima angesema yatosha. Mshamu angeondoka na tabasamu lake. Lakini niliwaambia, watu wale walikuwa wagonjwa. Abbasi alisokomoa baruti mbichi akaitupa, akatoa pembe ndogo kiunoni, yenye baruti aliyokuwa akiitunza kuliko wanawe. Akashindilia upya. Akaweka fataki ya pili. Mshamu aliacha kutabasamu.

— Acheni, — nilisema. Sijui kama nilisema kwa sauti.

Bunduki ilipiga. Kishindo kile kilikwenda mpaka bondeni kikarudi. Kunguru wote wa Kibiti wakaruka. Ndani ya duka mtoto wa Jayaben akaanza kulia, na huko mitaani tukasikia milango inafungwa. Tulisimama tumeinamisha vichwa, tunasikiliza nani anakuja. Hakuja mtu. Moshi ulipotawanyika, kisiki kilikuwa na kipande cha kamba ya ukindu, na jogoo alikuwa mahali pengi.

Nilimtazama Mshamu. Alikuwa ameshika kijimwanzi kwa mikono miwili.

— Ngojeni, — Bwanaheri akasema. Ubongo wake haukusimama hata pumzi moja. — Ngojeni kwanza. Huyu jogoo alilala wapi jana?

— Kwa Zera, ulikofikia, — Abbasi akajibu.

— Na mitetea ya Zera?

Wakatazamana.

— Alikuwa nayo, — Sadala akasema polepole. — Asubuhi hii hii. Mimi mwenyewe nilimwona, nikitoka msikitini. Alikuwa anampanda mtetea mweupe.

— Basi! — Bwanaheri akapumua. — Kavunja mwiko! Jogoo gani anashika miiko? Tumekosea sisi, tumechukua mnyama asiye na mwiko. Maji hayana kosa.

— Hayana kosa, — Sadala akakubali, akafuta jasho. — Wallahi nilitaka kuogopa.

Abbasi alikuwa akiisafisha bunduki ambayo haikuhitaji kusafishwa.

Tulipogeuka kurudi barazani, Mwanasiti alikuwa amesimama pembezoni mwa shamba.

Huyo ndiye mke wa Mshamu. Alikuwa amebeba kifurushi cha chakula cha njiani, muhogo wa kuchemsha na samaki mkavu, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alikuja mpaka karibu, akakiweka kifurushi chini mbele ya mumewe, akarudi nyuma hatua kadhaa kama ilivyokuwa desturi yao siku zile. Mshamu akainama akakichukua. Kisha Mwanasiti akatugeukia sisi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Jogoo huyu kavunja mwiko?

— Ndiyo, mwanangu, — Sadala akajibu. — Kwa mitetea ya Zera.

— Mmemwona. Sawa. — Alikuwa binti mpole, asiyezungumza na wazee mpaka aulizwe, na nilijua haya anayoyasema ameyabeba siku nyingi. — Mnamjua Mwantum wa Ngorongo? Dada yangu kwa mama mdogo. Mume wake alikunywa maji haya haya. Juzi amepigwa kifuani. Hata matanga hayajaanuliwa, shemeji zake wamemtoa nje na kitanda chake. Wamesema kamgusa mumewe. Anaapa hakumgusa. Nani alimwona?

Sadala aliirekebisha kofia yake kichwani.

— Nawauliza nyie wenye kujua. Akirudi mzima, ni maji. Asiporudi, ni mimi. Mume wangu bado yuko hapa, anawasikia. Semeni sasa, mbele yake, kabla hajavuka: akipigwa, mtasema nani kavunja?

— Hatapigwa, — Bwanaheri akasema.

— Sikuuliza hivyo, baba.

— Usimtie mkosi mumeo, — Sadala akasema. — Mke mwema humwombea dua...

— Namwombea tangu alipoondoka kwenda Ngarambe. Nauliza mtasema nani.

Nilimtazama Sadala, mwenye fatwa ya kila jambo. Nikamtazama Abbasi, aliyejua risasi inavyoyeyuka. Bwanaheri alikuwa akitazama mabaki ya jogoo wake. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono mitupu, maana vikombe nilikuwa nimeviacha kwenye gogo. Tungeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu: tutasema ni bunduki. Lakini mtu akisema hivyo, amesema jogoo pia aliuawa na bunduki, na ya Ngorongo pia yalikuwa ya bunduki, na vijana wote waliokuwa wakijifunga mtama kichwani jioni ile wanakwenda na maji ya mto. Hakuna aliyekuwa na kifua cha kusema hayo huku ngoma zinalia.

Ngoma zilikuwa zimeanza kweli, upande wa njia ya mtoni. Wenzake Mshamu walikuwa wanaita.

Mshamu akakiweka chini kifurushi. Akatembea mpaka kwa mkewe, akamshika mkono.

Mwanasiti alishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Akavuta mkono wake.

— Niache! Mshamu, niache, utakufa! Niache!

Ndipo nilipojua kwamba naye aliamini. Alikuwa akituuliza yote yale, akiwa anaamini kama Sadala, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko yetu wote. Alivuta, akamsukuma kifuani kwa mkono mwingine, akalia. Mshamu hakumwachia. Akamvuta karibu, mchana kweupe, mbele ya wazee na mbele ya Jivanji, jambo ambalo kwetu mtu hafanyi hata kama hana mwiko wowote, akamkumbatia.

— Mmeona? — akatuuliza juu ya bega la mkewe. — Wewe Mjomba Sadala, umeona? Nani kamshika mwenzake?

— Mshamu, mwanangu, unafanya nini...

— Nani kamshika mwenzake?

— Wewe, — Sadala akasema.

— Yeye kafanya nini?

— Amekataa.

— Amekataa. Mzee Abbasi?

— Nimeona, — akasema Abbasi.

— Mzee Boriti?

Bwanaheri aliitikia kwa kichwa. Mimi nilisema nimeona. Jivanji alikuwa ameweka miwani yake machoni, ameshika mlango wa nyuma wa duka lake, akasema naye ameona, na kama ikihitajika ataapa kwa kitabu chochote watakachomletea.

Mshamu akamwachia mkewe, akachukua kifurushi.

— Basi usiende, — Mwanasiti akamwambia. — Umeshavunja. Sasa unakwenda na nini?

— Mke wangu, mgongo wangu umeuona, — Mshamu akamjibu. — Nilikuwa nakwenda hata kabla ya maji.

Akaondoka kwa haraka kufuata ngoma, na kijimwanzi chake bado shingoni. Kama mwenzake yeyote angejua, nadhani wangemrudisha, au wangemwua. Hakuna aliyetoka Kibiti kwenda kuwaambia.

Hakurudi. Walirudi wachache sana wa kundi lile, na waliorudi hawakukaa, maana askari walifika nyuma yao. Mpunga uliokuwa ghalani ulichomwa. Duka la Jivanji lilichomwa pia. Aliyelichoma alikuwa askari, na Jivanji alisema angalau sasa amepata kujua. Njaa ile iliyofuata sitaki kuisimulia, sina mtu aliyenilipa kuisimulia.

Ninachotaka kusimulia ni siku alipokuja baba mdogo wa Mshamu. Alitembea kutoka Ngorongo na vijana wawili na fimbo, akatukuta kwenye gogo, ambalo upande mmoja lilikuwa limeungua. Hakuketi. Hata kahawa hakuitaka, na kusema kweli sikuwa na kahawa, nilikuwa nakaanga mbegu za mibuni pori nikijidanganya. Aliuliza yuko wapi mwanamke aliyemwua mtoto wa kaka yake.

Sadala ndiye aliyesimama kwanza. Akamweleza yote, bila aya, bila methali, bila kuongeza chumvi. Alivyomshika mkono. Mke alivyokataa. Mume alivyotuita mashahidi mmoja mmoja kwa majina. Abbasi akasema ni kweli. Bwanaheri, ambaye tangu siku ile hakuwa amerudi kwao, akasema ni kweli. Mimi nikasema ni kweli. Jivanji, aliyekuwa akichambua misumari kwenye majivu, akasimama na misumari mkononi akasema ni kweli.

Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Fimbo yake aliishusha. Alikuwa mtu mzima, na sura yake ilikuwa ya Mshamu, ila imekauka. Alikaa kwenye gogo, upande ulioungua.

— Basi ni yeye mwenyewe, — alisema.

— Ni yeye mwenyewe, — tukajibu.

Kisha akatutazama, si kwa ugomvi, kwa kutaka kujua tu, akauliza:

— Na kama asingemshika mkono, angerudi?

Sadala alifungua mdomo, akaufunga. Abbasi alitazama barabara. Bwanaheri, mwenye jibu la kila maji duniani, alijishika kichwa. Mwanasiti alikuwa amesimama nyuma yetu, kwenye kivuli cha ukuta uliobaki, ameitwa ili aoshwe jina lake. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Na yeye pia alikuwa akisubiri jibu.